Mtu Aliyetaja Mama za Farasi

"Ulimwambia?"

Papa aliniuliza hivyo mara moja tu, sebuleni kwetu Louisville, Amerika, na sikuweza kumjibu. Nilikuwa na miaka tisa. Televisheni ilikuwa bado inawaka, farasi aliyeshinda anavikwa shada la maua, na Papa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Maneno niliyoyasema asubuhi ile niliyakumbuka yote. Ambacho sikukijua ni kama yalikuwa yamefika. Kiingereza changu kilikuwa na umri wa miaka miwili, na nilikuwa nimeshazoea kuona watu wazima wakitabasamu nilipoongea, lile tabasamu la mtu ambaye hajashika kitu. Kwa hiyo nilinyamaza, na Papa akaupokea ukimya wangu kama jibu. Hakuuliza tena.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita mtu tuliyemwita Bwana Kofia alistaafu. Jina lake halina haja hapa. Alikuwa mchambuzi wa mbio za farasi kwenye televisheni tangu kabla sijazaliwa, na kituo chake kilimwandalia kipindi kizima cha kumuaga. Nilikitazama kazini kwenye simu, saa ya chakula. Kinanda kikipigwa polepole. Wenzake wakifuta macho kwa ncha za vidole wasiharibu vipodozi. Mmoja akasema kwamba farasi hawana sauti, na kwa miaka yote hiyo Bwana Kofia ndiye aliyekuwa sauti yao. Nilirudisha nyuma nikaisikiliza sentensi hiyo mara ya pili, nihakikishe kwamba mtu mwenye akili zake ameitamka bila kucheka. Kisha nikatupa chakula changu.

Ninyi mliokua kama mimi, mkiwatafsiria wazazi kwa daktari, kwa mwenye nyumba na kwa mwalimu wenu wenyewe aliyekuja kuwashtaki, mtanielewa upesi. Wengine naomba mnivumilie.

Papa alikuwa mtu wa ng'ombe. Kule kwetu, kwenye milima ya Kivu Kusini, alichunga tangu alipoweza kushika fimbo, na alipoikimbia nyumba yake hakulia kwa ajili ya nyumba. Louisville haikumpa ng'ombe, ikampa farasi. Zizi moja nje ya mji lilimwajiri kuwatembeza farasi wakitoka mazoezini, mpaka jasho likauke na moyo utulie. Asubuhi nzima alikuwa akizunguka, kamba mkononi, mnyama mmoja akimaliza anashika mwingine. Pale zizini hiyo ilikuwa kazi ya chini kabisa. Papa hakuiona hivyo. Alisema mnyama unayetembea naye bega kwa bega hawezi kukuficha kitu. Alirudi nyumbani na viatu vinavyonuka majani makavu, mkojo na ile dawa ya kuchua yenye ukali wa mnanaa, na Mama alimlazimisha aviache nje ya mlango, na kila siku Papa alijifanya amesahau.

Sasa kwao Papa ng'ombe hasemwi ovyo. Mtu akisimama mbele za watu akataja ng'ombe kwa jina, akataja mama yake, akataja na bibi yake, ametangaza kwamba anawajibika kwa ajili yake. Ng'ombe huyo akiugua, mtu huyo ndiye wa kuambiwa kwanza. Usipomwambia, kosa ni lako. Ukimwambia naye akanyamaza, kosa ni lake, na watu wakikaa kuzungumza mifugo hakuna atakayemsikiliza tena. Papa alilieleza jambo hili kama mtu anavyoeleza kwamba maji hushuka bondeni.

Pale zizini hakuna aliyetaja mama ya farasi yeyote. Walitaja namba za vyumba. Papa alihuzunika kidogo, akadhani ni wanyama wasio na mwenyewe. Halafu Jumamosi moja mchana tulikuwa tumewasha televisheni, na akatokea mzee mrefu mwenye kofia ya majani na suti ya rangi ya maziwa. Farasi wakawa wanapita nyuma yake mmoja mmoja, naye anawataja: huyu baba yake fulani, mama yake fulani, bibi yake alikuwa mtulivu ila mama yake alikuwa na hasira, mtazameni masikio. Nilikuwa natafsiri sentensi kwa sentensi. Nilipofika kwa bibi, Papa alivuta kiti mbele.

"Huyu," alisema. "Njo huyu."

Alimaanisha kwamba hatimaye amempata mwenye wanyama. Mama akacheka, akasema Papa ametafuta ndugu nchi nzima na kumbe wamo ndani ya sanduku. Tangu siku hiyo hatukukosa Jumamosi hata moja. Na mimi, mtoto, nilikwenda mbali kuliko Papa. Niliamini kwamba mbio zikiisha Bwana Kofia anavua ile suti, anavaa viatu vya mpira kama vya Papa, na kuwarudisha farasi wote nyumbani kwake, akiwasemesha njiani. Niliamini analala karibu nao. Nilimhurumia kwa kukosa usingizi.

Najua sasa alikuwa na nini mkononi. Alikuwa na karatasi. Kijana wa ofisini alimchapia ukoo wa kila farasi, naye akausoma akiwa ameushusha chini ya kamera tusiuone. Sina ugomvi na karatasi, hata mimi nasoma kwenye karatasi. Ugomvi wangu ni ile sauti, sauti ya mtu anayempenda mnyama kuliko ninyi nyote, iliyokodishwa kwa saa.

Nimewatazama watangazaji wa mbio wote tangu wakati huo, wa zamani kwenye picha zilizohifadhiwa na wa sasa, kwa ukaidi ambao marafiki zangu wanauona ugonjwa. Wale wa zamani sana, waliosimulia mbio kwa sauti ya radi, angalau hawakujifanya wanajua moyo wa farasi. Walisimulia nani yuko mbele na nani yuko nyuma, wakanyamaza. Baada yao wakaja akina Bwana Kofia, watu wa hadithi, waliotaka kila farasi awe na maisha ya kuliza. Siku hizi kuna bwana wa takwimu mwenye kalamu ya rangi, anayechora mishale juu ya mgongo wa mnyama kana kwamba ni ramani ya barabara kuu. Kuna dada anayepandishwa juu ya farasi ili amfuate mshindi na kumuuliza anajisikiaje, swali ambalo sijawahi kusikia likijibiwa. Kuna meza ya watu wanne wanaocheka. Sijui wanacheka nini. Mmoja tu ninamheshimu, mama mmoja aliyekuwa mpanda farasi, ambaye mwaka juzi farasi alipoanguka alisema wazi, "Amevunjika mguu, na mnajua wote kitakachofuata." Waliingiza matangazo ya biashara kabla hajafunga mdomo. Msimu uliofuata alihamishiwa kwenye mazungumzo ya kofia za wageni.

Wenzake wote wana usemi mmoja, na ni uleule wa Bwana Kofia: farasi amekanyaga vibaya. Usikilizeni vizuri. Farasi akishinda, wanasifu mkufunzi. Farasi akivunjika, amekanyaga vibaya yeye mwenyewe, kana kwamba alikuwa anatembea dukani akajikwaa.

Nirudi Louisville. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee na Jumamosi hazikuwa zake, kwa hiyo nilikuwa naamka na Papa kwenda zizini. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kitabu changu cha shule. Kulikuwa na farasi jike mmoja mwekundu wa kukolea, na Papa alimwita Bihogo, jina ambalo kwetu hupewa ng'ombe wa rangi hiyo. Kwenye televisheni alikuwa na jina refu lenye maneno matatu ambayo hayakuhusiana na yeye wala yenyewe kwa yenyewe. Bihogo alipenda kuweka pua ndani ya kwapa la Papa na kuiacha hapo. Papa alikuwa akimwambia kwa Kinyamulenge, lugha yetu ya nyumbani, kwamba hana adabu.

Asubuhi ile Bihogo alikuwa na mbio za jioni, kwa hiyo hakufanya mazoezi, ilikuwa ni kumtembeza tu anyooshe viungo. Walizunguka mara mbili. Mara ya tatu Papa akasimama. Akainama, akaupitisha mkono kwenye mguu wa mbele wa kushoto, polepole, kutoka gotini kwenda chini. Akaufanyia hivyo na wa kulia. Akarudi kwenye wa kushoto. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

Alikwenda kwa msimamizi. Papa hakuwa na Kiingereza cha jambo hilo, akatumia mikono: akagusa mguu, akagusa shavu lake mwenyewe, akapuliza kama anayepoza uji. Msimamizi akamwambia sawa, sawa, akampa farasi mwingine wa kumtembeza. Hakuinama hata kuangalia. Nilitaka kwenda kumsaidia Papa, ila alikuwa amenikataza kusogelea wale watu wakiwa kazini.

Hapo ndipo lilipoingia gari la televisheni. Walikuwa wanatembelea mazizi kabla ya mbio kubwa za siku ile, wakichukua picha za asubuhi. Na akashuka Bwana Kofia mwenyewe, mzima, mfupi kuliko nilivyomdhania, kofia ileile. Nilihisi kama mtu wa Biblia ameingia uani kwetu. Papa alivua kofia yake ya pamba akaishika kifuani. Kisha akaniita.

"Wewe unajua Kingereza," alisema. "Umwambie mguu ya mbele, ya kushoto, iko na moto. Na hatembei vile anatembeaka. Umwambie leo asikimbie."

"Papa, ule ni mtu wa televisheni."

"Njo maana. Njo yeye wa kuambiwa."

Tulikwenda. Papa alitangulia, mimi nyuma ya suruali yake. Bwana Kofia alituona, akatabasamu, akachuchumaa ili tulingane. Alinuka kahawa na sabuni nzuri. Mwenye kamera akawa anasogea upande wetu. Nikamwambia: baba yangu anasema mguu wa mbele wa kushoto wa huyu una joto, hatembei kama kawaida yake, leo asikimbie. Hakujibu. Nikadhani hajasikia, nikayasema tena, na safari hii nikaonyesha mguu wenyewe kwa kidole. Akamtazama Bihogo. Akamtazama Papa. Akanitazama mimi, na tabasamu lake halikuhama hata kidogo. Akaniuliza jina langu ni nani. Nikamwambia. Akauliza kwetu ni wapi. Akauliza kama nampenda huyu farasi, nikasema ndiyo, nampenda sana. Akasema vizuri, basi jioni umshangilie kwa nguvu. Mwenye kamera akaniomba niushike uso wa Bihogo, nikaushika, akanipiga picha.

"Amesema nini?" Papa akauliza.

Ninyi wenzangu mnajua kwamba mtafsiri mtoto hapaswi kurudi mikono mitupu. Mzazi amekutuma, anasubiri, na uso wake unakusihi. Nikamwambia, "Amesema sawa. Ameelewa."

Papa akamwinamia Bwana Kofia kichwa kidogo, kwa heshima, kama kwa mtu aliyekubali kubeba mzigo. Ule uongo sikuuhesabu kuwa uongo. Niliona nimemalizia tu kazi ambayo mzee yule alisahau kuimaliza.

Mchana Mama aliporudi kutoka kazini alimkuta Papa ameshaoga, amevaa shati la kanisani. Akamuuliza kama kuna mgeni. Papa akamweleza habari ya mguu, na kwamba mtoto amemwambia mwenye wanyama, naye ameelewa, kwa hiyo Bihogo leo hatakimbia. Alikuwa na furaha ambayo nilikuwa sijaiona Amerika. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike kwa neno lake kuhusu mnyama kufika mahali. Alitaka kusikia Bwana Kofia akilitangaza. Aliniweka karibu naye nisipitwe na neno.

Kabla ya mbio wakaonyesha picha za asubuhi. Na nikajiona. Mimi, na gauni langu la njano, mkono juu ya uso wa Bihogo, na Papa pembeni ameshika kofia yake. Niliruka juu ya kochi. Mama alipiga vigelegele, jirani akagonga ukuta. Sekunde chache tu, na nimezikumbuka kwa aibu maisha yangu yote, kwa sababu katika sekunde hizo nilimsahau Bihogo kabisa. Bwana Kofia alisema rafiki yetu mdogo huyu ametoka mbali na anamwamini farasi wake, na sisi tulimwona asubuhi hii akiwa mzuri kama picha.

Halafu wakatoka uwanjani, na Bihogo akiwa wa nne.

Papa aliinama mbele, akamtazama miguu. Kisha akasema labda wameuangalia mguu, labda wameona ni jambo dogo, wao wana madaktari. Alikuwa anamtetea Bwana Kofia. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Alikaa pale kwenye kochi letu la kupewa na kanisa, akimtafutia yule mtu sababu.

Bihogo alivunjika mguu kwenye kona ya mwisho. Wengine walimpita pande zote mbili kama maji yanavyopita jiwe, na kamera ikawafuata wao. Tulimwona kwa mbali, upande wa picha, amesimama kwa miguu mitatu, na watu wanakimbia na pazia la kumficha, lile linalowekwa kabla farasi hajadungwa sindano ya kufa. Kisha hatukumwona tena. Kelele, mshindi, maua. Ilipita muda mrefu kabla Bwana Kofia hajamtaja tena Bihogo, kwa ile sauti yake ya chini.

"Anasema nini?" Papa akauliza.

"Anasema amekanyaga vibaya. Anasema yuko na madaktari."

"Na asubuhi? Anasema nini ya asubuhi?"

Nilisikiliza. Nilitamani sana nisielewe. "Anasema asubuhi walimwona kwa macho yao wenyewe. Alikuwa mzima."

Ndipo Papa aliponigeukia na kuuliza swali lake, bila ukali wowote. Afadhali angefoka. Nami nikawa napekua kila neno: je, nilisema mguu au nilisema paja, je, nilisema kushoto, je, ile sauti yangu ndogo ilisikika kwenye upepo ule. Mbele yangu kulikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa mtu mzima wa televisheni anayejua mama na bibi wa kila farasi, na mwingine alikuwa mimi. Kama mtu wa namna ile alisema asubuhi hakukuwa na kitu, basi hakuambiwa kitu. Nilimwamini yeye. Nilihitimisha kwamba Kiingereza changu ndicho kilichomuua Bihogo, na kwamba Papa amejua hivyo.

Jumatatu Papa alirudi nyumbani kabla ya saa sita mchana. Alisema majani makavu yanamkohoza, amechoka na farasi, na binamu yake wa Columbus ana nafasi kwenye ghala. Alikohoa kidogo aliposema. Kabla mwezi haujaisha tulikuwa Columbus, kwenye nyumba yenye zulia la kahawia, na Papa akawa anapanga maboksi.

Kule ndiko nilikopata uthibitisho wangu. Papa hakunipa tena kazi ya kutafsiri. Hata mara moja. Kliniki alikuwa anaomba mkalimani wa simu, na simu ikiwa inatoa Kiswahili cha mtu wa Dar es Salaam ambacho Papa alikishika nusu, mimi nikiwa nimekaa palepale kando yake, miguu ikining'inia, nikiwa na maneno yote mdomoni. Siku ya wazazi shuleni alikaa mbele ya mwalimu na kutikisa kichwa kwa lolote. Watoto wengine walilalamika kwamba wazazi wanawatumikisha kama makarani. Mimi nilikuwa nimefukuzwa ukarani, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na Papa, ndivyo nilivyodhani.

Nikaapa kwamba hakuna mtu atakayedai tena hakunisikia. Na ajabu ya mtoto, mwalimu niliyemchagua ni Bwana Kofia yuleyule. Nilifunga mlango, nikapunguza sauti, nikaiga midomo yake Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilipofika miaka kumi na mitatu nilikuwa naongea kama mzee mzungu wa Kentucky mwenye mashamba. Wasichana wa darasani walikuwa wananiomba niwauzie ng'ombe. Nilicheka nao. Lakini kadiri nilivyozidi kumwelewa, ndivyo nilivyozidi kusikia kile anachokiruka. Anawajua mama zao wote na hajawahi kutaja hata mmoja kati ya watu wanaowatembeza. Kila aliyevunjika alikuwa mzima asubuhi. Kila mmoja, bila kukosa. Nilikuwa msichana wa sekondari nilipoanza kujiuliza inawezekanaje, na tangu hapo sijaweza kumsikiliza mtu yeyote kwenye televisheni bila kujiuliza kuna nini mkononi mwake chini ya kamera. Chuoni walinisifu kwa tabia hiyo. Kanisani hawajanisifu.

Hata hivyo, kumshuku yeye hakukunitoa mimi kwenye kesi. Mtu anaweza kuwa mwongo na bado uwe hukumwambia vizuri.

Tulihamia Buffalo nilipokuwa namaliza sekondari, kwa sababu mtaa wa Black Rock ulikuwa na nyumba ambazo watu kama sisi waliweza kuzinunua, na Mama alitaka kipande cha ardhi cha kupanda maharage. Papa akafanya kazi kiwandani mpaka moyo wake ulipogoma, majira mawili ya baridi yaliyopita. Siku zake za hospitalini ndipo nilipomtafsiria tena, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kunikatalia. Nilitafsiri vizuri sana. Nilitafsiri hata mambo ambayo mtoto asingepaswa kumtafsiria baba yake. Mara kadhaa nilikaribia kumwambia: Papa, siku ile nilikudanganya, hakusema ameelewa. Muuguzi akaingia, au yeye akalala, au mimi nikaogopa. Alikwenda na lile swali lake, na mimi nikabaki na upande wangu wa kimya.

Kwa hiyo mnaweza kufikiria hali niliyokuwa nayo Jumapili ile baada ya kipindi cha kuagana, nilipofika kwa Mama kutoka kanisani. Nilimwekea simu mbele ya sahani yake. Mama akamtambua kabla hajaongea. Nikamwachia asikilize yale ya sauti ya farasi, nikaanza kufoka, na katika kufoka nikajikuta nimesema lile ambalo sikuwahi kulisema: kwamba huenda mzee huyu hana kosa lote, huenda mimi ndiye niliyeshindwa kumwambia, na Papa alijua, ndiyo maana hakunituma tena mahali.

Mama aliigeuza simu kifudifudi.

"Nani alikuambia hakusikia?" alisema.

Nikamwambia Papa aliniuliza, nami sikujibu.

"Aliuliza Jumamosi. Jumatatu alikuwa amejua." Akafuta mikono kwenye kitenge, akakaa. "Papa yako hakuachaka ile kazi. Walimufukuza. Ile ya kukohoa njo tulikuambia wewe, juu ulikuwa mutoto."

Alinieleza yaliyobaki taratibu, kama mtu anayefungua sanduku la mwingine. Jumatatu msimamizi alimwita Papa mbele ya wenzake, akamwita na Mrundi mmoja aliyekuwa anajua Kiingereza atafsiri. Akamwambia kwamba alimtuma mtoto kwenda kuiambia televisheni kwamba farasi wao ana joto mguu wa mbele wa kushoto, hatembei kama kawaida, asikimbie. Papa aliyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi, neno kwa neno, hakuna lililopotea. Akavua glavu akaondoka. Alimwambia Mama nisijue, kwa kuwa nitadhani kinywa changu ndicho kilichomfukuzisha. Na akasema hatanituma tena kwa mtu mzima yeyote, mtoto asibebeshwe maneno mazito namna ile. Mama alikuwa amelitunza agizo hilo mpaka Jumapili hiyo, akiamini nimeshasahau.

Nikamuuliza msimamizi aliyapata wapi maneno yangu, maana mimi sikuongea naye.

Mama akasema msimamizi alilitamka mwenyewe Jumatatu ile: Bwana Kofia ndiye aliyeyapeleka kwa mkufunzi wa Bihogo, mlangoni mwa zizi, kabla gari lao la televisheni halijaondoka, na mkufunzi akamwambia msimamizi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mbio zilikuwa saa kumi na moja jioni.